Vijiji vya Chios: Ukuta Ulikuwa wa Nani?

Leo tunatoka kidogo nje ya Afrika. Mwenzetu mmoja tuliyekaa naye hapa kambini alipita njia ya Uturuki akafika kisiwa cha Chios, Ugiriki. Kutoka huko alitutumia sauti kwenye simu: "Huku kuna kijiji cha zamani kinaitwa Mesta. Ukiingia unapotea kama panya ndani ya mtego." Tulicheka, halafu tukaanza kusoma. Kumbe hakukosea sana.

Kusini mwa Chios kuna miti mifupi inayotoa utomvu unaoitwa mastiki. Miti ya aina hiyo iko sehemu nyingi kando ya Bahari ya Mediterania, lakini utomvu wa kuvunwa na kuuzwa unatoka hapo kusini mwa Chios. Wakati wa joto wanakijiji wanafagia chini ya mti, wanamwaga unga mweupe, kisha wanachanja gome. Matone yanadondoka na kukauka. Wenyewe wanayaita machozi. Watu wanayatafuna, wanayatia kwenye dawa na vitu vitamu, na zamani bei yake ilikuwa kubwa mno.

Bei hiyo ndiyo iliyoleta wageni. Mwaka 1346 wenye meli kutoka Genova, Italia, walikiteka kisiwa. Waliunda kampuni iliyoitwa Maona, ikashika biashara ya mastiki na utawala pia, hadi 1566. Sisi wa kutoka Kongo tukisikia kampuni inatawala watu kwa sababu ya utomvu wa mti, tunajua hadithi inakwenda wapi. Babu zetu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira wakati wa Leopold. Kule Chios, aliyeiba mastiki kidogo aliweza kukatwa sikio au pua. Aliyeiba nyingi alinyongwa.

Sasa tuingie Mesta. Nyumba za pembeni zimeshikana bega kwa bega, na migongo yao ndiyo ukuta wa kijiji. Upande wa nje zamani hapakuwa na madirisha. Kwenye kona kuna minara midogo, na katikati palikuwa na mnara mkubwa wa kukimbilia adui akivunja lango. Njia ni nyembamba na zinapinda, nyingine zimefunikwa juu kwa matao ya mawe, ili mgeni mbaya achanganyikiwe. Mapaa yamekaribiana kimo, hivyo mtu aliweza kukimbia juu kwa juu. Chini walilala wanyama na kuwekwa mazao, juu waliishi watu. Pyrgi, kijiji jirani, kuta zake zimechorwa maumbo meusi na meupe kwa kukwangua chokaa. Kwa kweli ni pazuri.

Wageni wanaambiwa ukuta ulikuwa wa kuzuia maharamia. Ni kweli, maharamia walikuwepo na waliuza watu utumwani. Lakini ukuta huohuo uliwaweka wavunaji na mastiki yao mahali pamoja, mbele ya macho ya bwana. Lango likifungwa jioni, linafungwa pande zote mbili. Sisi tunaoishi mahali penye geti tunalielewa jambo hili bila kufundishwa.

Waothmani walipochukua kisiwa mwaka 1566, mastiki ikawa mali ya Sultani. Halafu ukaja 1822. Waasi kutoka kisiwa cha Samos walivuka kwenda Chios kuwasha mapinduzi, na jeshi la Sultani likajibu kwa kuua maelfu kwa maelfu na kuuza wengine utumwani. Anavatos, kijiji kilicho juu ya jabali, kilibaki magofu. Lakini vijiji vya mastiki kwa sehemu kubwa viliachwa, maana nani angechanja miti? Hapa tulibishana sana katika kikundi. Wengine walisema bora kupona, hata ukiponea faida ya mtu mwingine. Wengine walikataa kabisa. Mpaka leo hatujakubaliana.

Jambo moja lilitunyamazisha wote. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliikalia Ugiriki, na njaa ikauma. Watu wa Chios walivuka kwa mashua ndogo kwenda Uturuki, ng'ambo ya mlango wa bahari usiofika hata kilomita 10 pale pembamba. Wengi walipelekwa kwenye kambi za Syria, Misri na Gaza. Na wakimbizi wa Kigiriki wengine walifikishwa mpaka Kongo ya Wabelgiji. Kwetu! Wakapokewa, wakakaa, vita vilipoisha wakarudi.

Tulimtumia mwenzetu habari hiyo. Akajibu kwamba siku ile pale Mesta alipita langoni na hakuna aliyemwuliza karatasi, bibi mmoja hata alimpa maji. Karatasi yake inamruhusu kutembea kisiwa chote, ila kutoka kisiwani haimruhusu. Jioni alirudi kambini, akasimama kwenye foleni ya geti.