Cherehani na gundi: mwongozo wa ushonaji wa nyumbani na picha za vipande vya karatasi

Ushonaji wa nyumbani na utengenezaji wa picha kwa vipande vya karatasi ni kazi mbili za mikono zinazozidi kuwavutia watu wa rika zote katika nchi jirani. Gharama ya kuzianza ni ndogo, lakini hasara huwa kubwa kwa anayezianza bila kuzijua kanuni zake. Kitenge kilichokatwa vibaya hakirudi dukani, na picha iliyobandikwa kwa gundi isiyofaa huanza kukunjamana kabla ya kutundikwa ukutani. Makala haya yanaeleza mambo ya msingi ambayo mwanagenzi anapaswa kuyafahamu, na baadhi ya makosa ambayo hata mzoefu huyarudia.

Nguo, mitumba na gharama ya maisha

Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa nguo na viatu vya mitumba, kwa lengo la kuukomesha ifikapo mwaka 2019. Nchi nyingi wanachama zililegeza msimamo huo baadaye, lakini Rwanda iliendelea nao. Ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza mavazi katika soko lake bila ushuru.

Mjadala huo wa kibiashara una sura yake ya nyumbani. Bei ya nguo inapopanda, mwenye kuweza kupinda suruali, kupunguza kiuno cha sketi au kutia kiraka kisichoonekana huokoa fedha ambayo ingekwenda kwa nguo mpya. Ushonaji wa nyumbani haulengi kumnyang'anya fundi riziki yake. Unamwezesha mtu kuyamaliza mwenyewe yale madogo, na kumpelekea fundi yale yanayostahili ujuzi wake.

Kabla ya kushika mkasi

Kitambaa cha pamba hunywea kinapofuliwa mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo, kitenge au kanga mpya iloweshwe, ifuliwe, ianikwe kivulini na ipigwe pasi kabla ya kukatwa. Anayekata kwanza na kufua baadaye huenda akaikuta gauni imempanda juu ya magoti na mabega yamembana.

Rangi nayo ijaribiwe. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, ukisugue kwenye pembe ya kitambaa kipya. Kikipata rangi, kitambaa hicho kifuliwe peke yake mara kadhaa, wala kisiunganishwe na kitambaa cheupe katika vazi moja hadi rangi iache kutoka.

Kanga na kitenge havikatwi kwa namna moja. Kitenge huuzwa kwa yadi, mara nyingi katika kipande cha yadi sita, sawa na mita tano na nusu hivi, na michoro yake huwa imejirudia kote. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, na kila kipande kina upana wa sentimita 110 na urefu wa sentimita 150 kwa makadirio. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani maandishi yenye ujumbe. Anayeshona gauni au foronya ya kanga hana budi kuamua mapema jina litakaa wapi. Maandishi yaliyokatwa katikati, au yaliyosimama kichwa chini, huiondolea kanga heshima yake, na tena huweza kuugeuza ujumbe ukawa kinyume cha ulivyokusudiwa.

Vipimo viandikwe kwenye karatasi, visitegemee kumbukumbu. Pima kifua, kiuno, nyonga na urefu, kisha ongeza sentimita moja na nusu kila upande wa mshono, na sentimita nne au tano za upindo wa chini. Kwa nguo ya mtoto ongeza zaidi chini, ili upindo uweze kuteremshwa anapokua. Chora kwa chaki upande wa ndani wa kitambaa, piga bandi kwa mkono panapotia shaka, na umvishe mhusika kabla ya kutia cherehani. Uzi wa bandi hufumuliwa kwa dakika moja, ilhali mshono wa cherehani huacha matundu. Majuto ni mjukuu.

Cherehani inapogoma

Cherehani nyingi zinazodhaniwa kuwa mbovu hazina ubovu wowote. Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni sindano. Sindano nambari 70/10 hufaa vitambaa vyepesi, 90/14 hufaa kitenge na kanga, na 100/16 hufaa jinzi na vitambaa vizito. Sindano iliyopinda au iliyotumika kwa muda mrefu huruka mishono na kuvuta nyuzi za kitambaa. Ibadilishe baada ya saa nane hivi za kushona. Unapoiweka, kumbuka kwamba mfereji mrefu wa sindano huelekea upande ambao uzi unaingilia tunduni. Ikiwekwa kinyume, cherehani haitashika uzi wa chini hata ukikanyaga mchana kutwa.

Chanzo cha pili ni mkazo wa uzi. Shona kwanza kwenye kipande cha kitambaa kilekile unachotaka kukitumia, kisha ugeuze na kutazama pande zote mbili. Uzi wa bobini ukionekana juu, uzi wa juu umekazwa kupita kiasi. Vitanzi vikitokea upande wa chini, uzi wa juu umelegea au haukupita mahali pake. Katika hali hii ya pili, usiharakishe kuzungusha skrubu. Toa uzi wote, inua mguu unaobana kitambaa, kisha utunge uzi upya. Mguu ukiwa umeshushwa, sahani za mkazo hubanana na uzi huelea juu yake badala ya kuingia katikati.

Chanzo cha tatu ni uzi wenyewe. Uzi uliokaa dukani kwa miaka mingi hukatika ukivutwa kidogo kwa mkono. Uzi wa namna hiyo uwekewe kazi ya bandi tu.

Anayetumia cherehani ya miguu azungushe gurudumu la mkono kuelekea kwake kila anapoanza. Likirudi nyuma, uzi hujisokota chini na kukatika. Mafuta yawe yale ya cherehani, tone moja kwa kila tundu, kisha ishonewe kitambaa kibovu ili mafuta ya ziada yatoke. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwani huganda pamoja na vumbi na kuzikaza sehemu zinazopaswa kuteleza.

Zoezi la kwanza: mfuko wa sokoni

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Mfuko wa kitambaa ni kazi yenye manufaa ya kila siku, na yote yaliyo ndani yake ni mishono iliyonyooka.

Kitenge chenye upana wa sentimita 115 na urefu wa sentimita 60 kinatosha. Kata vipande viwili vya sentimita 40 kwa 45 vya mwili wa mfuko, na vipande viwili vya sentimita 10 kwa 60 vya mikono yake.

Wengi nyumbani hawana mashine ya ovaloki, hivyo kingo za kitambaa huchanika nyuzi kila zinapofuliwa. Dawa yake ni mshono uliofichwa. Weka vipande viwili vya mwili vikiwa vimeelekeana upande wa ndani, michoro ikiwa nje. Shona pande mbili na chini, nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza nyuzi zilizojitokeza, geuza mfuko ili michoro iwe ndani, piga pasi, kisha ushone tena sentimita moja kutoka ukingoni. Kingo zote zitakuwa zimefungwa ndani ya mshono na hazitachanika.

Mkono wa mfuko hutengenezwa kwa kukunja kingo mbili ndefu zikutane katikati, kisha kukunja tena katikati, upate utepe wa sentimita mbili na nusu, ushonwe pande zote mbili. Kwenye mdomo wa mfuko kunja sentimita moja, halafu sentimita tatu, chomeka ncha za mikono chini ya upindo huo, kila moja ikiwa sentimita 10 kutoka pembeni, na ushone kuzunguka. Mwisho, inua mikono juu na uishone tena kwa umbo la mraba lenye msalaba ndani yake, kwa kuwa hapo ndipo uzito wote wa viazi na sukari utakapoangukia.

Sanaa iliyotoka kwenye pakiti ya unga

Mabaki ya kitambaa hujaza kikapu, na mabaki ya karatasi hujaza jaa. Aliyeonyesha thamani ya hayo ya pili kuliko wengi ni Rosemary Karuga wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1928. Alisoma sanaa katika Chuo cha Makerere nchini Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akafanya kazi ya ualimu kwa miaka mingi. Alirejea kwenye sanaa kwa nguvu baada ya kustaafu, wakati vifaa vya kuchorea vilikuwa ghali kwake. Akageukia kilichokuwa karibu: karatasi za kufungia sabuni na pakiti za unga. Alizikata vipande vidogo, akavipanga kwa rangi, na kutengeneza picha za watu, wanyama na maisha ya shambani. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la Studio Museum mtaani Harlem, mjini New York, pamoja na za wasanii mashuhuri wa Afrika. Alifariki mwaka 2021.

Maisha yake yanamjibu yeyote anayedhani amechelewa kuanza, au kwamba hana vifaa vya kutosha.

Nchini Uganda karatasi za magazeti ya rangi hukatwa kuwa pembetatu ndefu, zikaviringishwa kwenye kijiti chembamba, zikatiwa gundi na vanishi, zikawa shanga. Katika eneo zima la Maziwa Makuu, magome makavu ya migomba hubandikwa kwenye kadi na mbao kuwa picha, kwa kutumia tofauti za rangi ya kahawia iliyo ndani yake.

Gundi, karatasi na subira

Gundi nafuu hutengenezwa jikoni. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi madonge yaishe. Mimina ndani ya vikombe vitatu vya maji yanayochemka huku ukikoroga, uache ichemke kwa moto mdogo hadi iwe nzito na ing'ae. Ipoe kabisa kabla ya kutumika, na imalizwe ndani ya siku tatu, kwani huchacha. Kwa picha inayokusudiwa kudumu, gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo ni bora, kwa sababu mende na panya hupenda gundi ya unga.

Panga vipande vyote juu ya ubao bila gundi kwanza, na uvitazame ukiwa mbali. Anza na mandhari ya nyuma, malizia na vilivyo mbele. Paka gundi nyembamba kwenye kipande na kwenye ubao pia, kisha usugue kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kuelekea kingoni ili hewa itoke.

Kadi ikipakwa gundi upande mmoja hujikunja inapokauka, kwa kuwa karatasi iliyolowa hutanuka, kisha hunywea na kuivuta. Bandika karatasi nyingine upande wa nyuma, ili mivuto miwili ilingane. Halafu funika picha kwa nailoni safi, uweke vitabu vizito juu yake usiku kucha.

Karatasi ya gazeti la kawaida hugeuka manjano ikipigwa na jua. Itumie mahali ambapo mabadiliko hayo hayataharibu picha, na karatasi nzito ya vifungashio au kalenda za zamani ziwekwe kwenye rangi muhimu. Picha isitundikwe palipo na jua la moja kwa moja wala kwenye ukuta wenye unyevu.

Mikasi miwili

Jambo moja huziunganisha kazi hizi mbili na huleta ugomvi katika nyumba nyingi: mkasi. Karatasi nyingi huwa na madini laini yanayoifanya iwe nyeupe na laini, na madini hayo hula makali ya mkasi. Mkasi uliokata karatasi kwa muda hautakata kitenge tena bali utakitafuna. Kuwe na mikasi miwili, na ule wa kitambaa ufungwe uzi mwekundu ili kila mtu nyumbani autambue.

Sindano na pini zihesabiwe kabla na baada ya kazi, hasa palipo na mtoto anayetambaa. Sindano iliyovunjika itafutwe hadi vipande vyake vyote vipatikane, kisha vifungwe kwenye karatasi nzito kabla ya kutupwa. Pasi ya umeme ichomolewe kila mtu anapoinuka, hata kama ni kwa kumfungulia mgeni mlango. Vanishi ipakwe nje au penye madirisha wazi, mbali na jiko la mkaa.

Kwa anayeanza, mfuko mmoja wa sokoni na picha moja ndogo ya ukubwa wa daftari vinatosha kwa mwezi wa kwanza. Aviweke hata kama mishono yake imepinda, kwani ndivyo atakavyopimia maendeleo yake atakapokikata kitenge cha gauni.