Ziwa Suwa: Makuhani Wanaomsubiri Mungu Avuke

Hebu fikiria kazi hii. Kila alfajiri, kuanzia mwanzoni mwa Januari hadi mwanzoni mwa Februari, unashuka ziwani kwenye baridi kali, unapima joto, unaangalia kama maji yameganda, unaandika, unarudi nyumbani. Ndivyo afanyavyo kuhani mkuu wa hekalu la Kishinto la Yatsurugi, pamoja na waumini wake, huko Suwa, mkoa wa Nagano, Japani. Wanachosubiri kinaitwa omiwatari, yaani mvuko wa mungu.

Simulizi yenyewe ni ya mapenzi. Kusini mwa Ziwa Suwa kuna hekalu la mungu Takeminakata. Ng'ambo, upande wa kaskazini, yuko mkewe Yasakatome. Barafu ikiwa nene, mume huvuka kwa miguu kwenda kumwona mkewe, na njia aliyopita hubaki kama tuta la barafu lililokata ziwa. Likitokea, makuhani hufanya ibada kwenye barafu, kisha hulinganisha mkao wa tuta na kumbukumbu za zamani ili kutabiri mavuno ya mwaka.

Umewahi kusikia bati la paa likilia usiku? Mchana lilitanuka kwa jua, sasa linasinyaa. Barafu nayo ni hivyo hivyo. Usiku inasinyaa na kupasuka, maji yanapanda kwenye ufa na kuganda. Kukipambazuka barafu inatanuka tena, lakini nafasi imeshajaa, kwa hiyo inajikunja kwenda juu kwa kishindo.

Ila mimi kilichonivutia si tuta, ni daftari. Limeandikwa tangu 1443, zaidi ya karne moja kabla ya kipimajoto kubuniwa. Na mwaka ambao mungu hakuvuka kwa kuwa ziwa halikuganda nao uliandikwa: "bahari wazi". Sisi tunaohangaika na data tunajua ilivyo rahisi kuruka siku ambayo hakuna kilichotokea. Hawa hawakuwa wanafanya sayansi, tusiwavalishe koti la maabara. Walikuwa wanatoa taarifa kwa mungu, na mungu hadanganywi.

Mwaka 2016 timu ya Sapna Sharma na John Magnuson ilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo. Katika miaka 250 ya kwanza, ziwa lilikosa kuganda mara 3 tu. Kati ya 1955 na 2004, mara 12. Kati ya 2005 na 2014, miaka 10 tu hiyo, mara 5. Utasema, hilo ni ziwa moja, tena lililozungukwa na miji. Swali zuri! Ndiyo maana walililinganisha na Mto Torne, Finland, ambako mfanyabiashara mmoja alianza kuandika tarehe za barafu kuyeyuka mwaka 1693. Mwelekeo ni uleule: joto linapanda.

Tuta la mwisho lilionekana 2018. Kila msimu uliofuata, hadi 2025, makuhani walishuka ziwani alfajiri kama kawaida, wakarudi, wakaandika: bahari wazi.