Kodi ya Nyumba, Kale na Sasa

Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilipoamuru kodi ya nyumba katika nchi iliyo leo Tanzania Bara, kibanda cha mkulima kilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Mwenye kibanda hakuulizwa amevuna nini. Asiyekuwa na fedha alitoa mazao au nguvu za mikono yake, na wengi walisukumwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi.

Kodi ya mapato ina mizani nyingine: apataye kingi hutoa kingi. Lakini pato si fedha za mshahara peke yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 huhesabu pia nyumba na gari ambavyo mwajiri humpa mwajiriwa. Hivyo nyumba imerudi katika daftari la kodi, ila kwa hoja tofauti. Karani hulipa pango kwa mshahara uliokwisha kukatwa kodi. Mkubwa wake akikaa bure bila kuhesabiwa, mzigo wa mkubwa humwangukia mnyonge. Kodi ya haki huanza kwa kuuliza mtu amepata nini.