Ndugu kakamatwa Karatu, kahamishiwa mkoa mwingine: Maombi ya habeas corpus yanafunguliwa wapi?

Mtu akikamatwa Karatu, usiku huohuo anaweza kulala mahabusu ya Arusha mjini, kama kilomita 140 kutoka nyumbani. Wa Loliondo ndio mbali zaidi. Ndugu wakifika kituoni wanaambiwa hayupo. Nani anaweza kumlazimisha aliyemshikilia amtoe?

Ni Mahakama Kuu. Kifungu cha 390 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20 (toleo la 2022), kinaipa uwezo wa kuamuru mtu yeyote aliyeko Tanzania Bara aletwe mbele yake, au aachiwe kama anashikiliwa isivyo halali, awe mikononi mwa polisi au mtu binafsi. Mahakama ya Wilaya ya Karatu haina uwezo huo, kwa hiyo usipoteze siku pale.

Marekani mambo ni magumu kidogo. Mahakama za shirikisho ziko nyingi na kila moja ina eneo lake. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mawakili wa Jose Padilla walikosea kufungua New York wakati mteja wao anashikiliwa South Carolina. Ombi la namna hiyo linaweza kuhamishwa kwenda mahakama sahihi. Tanzania Bara ina Mahakama Kuu moja, na masjala za Arusha, Moshi au Dar es Salaam ni milango ya nyumba hiyohiyo. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake.

Lakini nyumba moja haizuii mtu kuhamishwa. Machi 2018, mawakili wa kiongozi wa wanafunzi Abdul Nondo walifungua maombi Dar es Salaam. Kabla hayajaamuliwa, akapelekwa Iringa na kusomewa mashtaka. Mtu akishafika mbele ya hakimu, maombi ya aina hii kwa kawaida hukosa kazi. Mashtaka yenyewe Nondo aliyashinda Novemba 2018.

Na sheria ina mwanya. Kifungu cha 32 kinataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hajapewa dhamana, ila kwa kosa la adhabu ya kifo kinasema tu mapema iwezekanavyo. Waliokamatwa Loliondo Juni 2022, wakiwemo madiwani, walishtakiwa kwa mauaji, na si wilayani kwao: walipelekwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha. Mauaji hayana dhamana. Wakakaa ndani hadi 22 Novemba 2022, DPP alipoifuta kesi.

Aliyekwisha kuhukumiwa njia yake ni rufaa. Kwa hukumu ya Mahakama ya Wilaya, kusudio la kukata rufaa linatolewa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya 45. Aliyehukumiwa Karatu rufaa yake ni Mahakama Kuu Arusha, hata akihamishiwa gereza la Karanga, Moshi. Mfungwa anapitishia karatasi zake kwa mkuu wa gereza.

Kwa aliye mahabusu, ndugu au wakili anaweza kuomba kwa niaba yake. Uzito uko kwenye hati ya kiapo: alikamatwa siku gani, wapi, na nani, vituo gani mmeulizia na mkajibiwa nini. Andikeni hayo kila mnapotoka kituoni, maana baada ya wiki mbili tarehe zinachanganyika.