Rangi Inayokufaa: Mwamuzi ni Nani?

Binti wa Kumsenga, wilayani Kibondo, akiwa na simu janja anaweza leo kupiga picha ya uso wake na kuambiwa kuwa yeye ni mtu wa "majira ya baridi" au "majira ya mapukutiko". Kisha hupewa orodha ya rangi za nguo, poda na rangi ya mdomo zinazoafikiana na ngozi yake. Elimu hiyo ilienea sana kwa kitabu cha Mmarekani Carole Jackson, Color Me Beautiful, kilichotoka mwaka 1980. Jackson aliwagawa wanadamu katika majira manne ya nchi za baridi, na watu weusi, takriban wote, akawarundika katika fungu moja. Nyanda za juu za Kigoma zina mvua na kiangazi tu. Theluji ya kumpangia Muha nguo sijui itatoka wapi.

Hata hivyo, swali lenyewe si la mzaha. Rangi ipi imfae nani ni swali lililoulizwa Afrika Mashariki muda mrefu kabla ya Jackson, na jibu lake lilikuwa la hadhi kuliko la urembo. Unguja ya karne ya 19 ilimtambua mtumwa kwa nguo yake: merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyotoka viwanda vya Massachusetts, au kaniki, kitambaa kilichochovywa nili hadi kikakaribia weusi. Kufunika kichwa na kuvaa viatu yalikuwa mambo ya waungwana. Miongoni mwa waliovishwa kaniki walikuwamo watu waliotolewa Manyema na kuvushwa ziwa hadi Ujiji, bandari iliyo chini ya milima ya Buha.

Aprili 1897 hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja, ingawa masuria hawakuingizwa hadi mwaka 1909. Wanawake waliotoka utumwani waliitupa kaniki na kujitanda kanga za rangi na maua. Wapo waliowaona kuwa wapenda anasa. Mimi naona walikuwa wakiandika hati ya uhuru wao kwa lugha ambayo kila mpita njia aliweza kuisoma.

Huku Buha, ngozi na magome ya miti ndiyo yaliyokuwa mavazi ya wengi kabla nguo ya dukani haijaenea. Chini ya Waingereza, vijana wa Kasulu na Kibondo walikwenda umanamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na ujira wao, baada ya kodi, uligeuka kitambaa. Rangi begani mwa mke ilikuwa na gharama ya miezi mingi ya kukata mkonge.

Uhuru nao haukuliacha swali hili. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi vipigwe marufuku. Kuhusu krimu, nasimama na vijana wale, kwani zebaki iliyomo katika baadhi yake hudhuru figo, na biashara ya kumchukiza mtu na ngozi yake ni unyang'anyi. Lakini wanawake walisumbuliwa kwenye mabasi ya Dar es Salaam na vijana waliojifanya walinzi wa utamaduni, ilhali suti ya Kizungu ya bwana mkubwa haikuguswa na mtu.

Nikirudi kwa binti wetu, sina ugomvi na kioo chake wala wanja wake. Ninachomwomba, kabla hajagawa vitenge vyake kwa sababu simu imemwambia manjano haimpendezi, ni kuitazama kanga ya kisutu. Ina nyekundu, nyeusi na nyeupe, na huko pwani huvaliwa na bibi harusi mweusi tii, maji ya kunde na mweupe vilevile, kwa kuwa rangi zake hufuata shughuli, hazifuati ngozi.