Mbuyu wa Misheni ya Bagamoyo

Mibuyu mingi ya pwani haina tarehe. Ukiuliza umri wake utaambiwa hata mababu waliikuta, na maneno yanaishia hapo. Huu wa misheni ya Bagamoyo miaka yake inajulikana. Ulipandwa 1868, mwaka ule mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, chini ya Padri Antoine Horner, walipovuka kutoka Unguja kuja kuanzisha misheni yao bara.

Ulikulia katika miaka mizito. Mwaka 1869 kipindupindu kilipita pwani yote. Aprili 1872 kimbunga kilichoangusha mikarafuu ya Unguja kikafika na huku, kikabomoa majengo ya misheni. Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa mvumbuzi Livingstone, wakaingia na maiti yake, waliyoibeba kutoka ndani kabisa ya nchi. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilipozuka 1888, wenyeji wengi walikimbilia uwanja huohuo wa misheni.

Lakini sifa ya mbuyu huu imeletwa na punda. Mnamo 1895 hivi, Madame Chevalier, bibi aliyehudumia wagonjwa, alifunga mnyororo shinani ili amfunge punda wake. Mnyororo haukutolewa tena. Mti wa mbuyu ni laini, umejaa maji, na ganda lake likijeruhiwa hujifunga upya. Basi shina likanenepa, likaumeza mnyororo pingili kwa pingili. Leo kimebaki kipande kifupi tu kinachoning'inia nje.

Mgeni akiona mnyororo Bagamoyo, moja kwa moja huwaza utumwa. Simlaumu: mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa kutoka Ujiji na Tabora. Na misheni yenyewe ilinunua watumwa ili kuwakomboa, ikawapa kijiji na mashamba, ingawa waliokombolewa waliishi kwa kengele ya mapadri: sala, jembe, shule. Hayo ndiyo ya kusimuliwa kwa kirefu. Utumwa wa Bagamoyo una ushahidi wake wa kutosha, hauhitaji kuazima mnyororo wa punda.

Kwa hiyo ukienda kuutazama, na mwongozaji akaanza kukupa hadithi ya pingu, mkatize kwa adabu, umwulize habari za Madame Chevalier.