Malaria ya Taveta na siri ya kondo la nyuma

Mwaka 1955 wapuliza dawa walianza kupita nyumba kwa nyumba Taveta, na ng'ambo ya mpaka kule Upare, wakipulizia dieldrini kuta na mapaa kwa ndani. Mradi huo wa Pare-Taveta uliendeshwa na taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, milimani Usambara, chini ya Dkt. D. Bagster Wilson. Taveta ina Mto Lumi, chemchemi za Njoro na Ziwa Jipe. Maji hayakauki, na mbu hawakomi.

Dawa ilifanya kazi. Anopheles funestus, mbu anayependa kupumzika ndani ya nyumba, alitoweka, na nafasi yake ikatwaliwa na nduguye rivulorum, ambaye hufuata zaidi ng'ombe kuliko watu. Damu ya watoto wadogo iliongezeka. Upuliziaji ukakoma mwaka 1959, watafiti wakabaki kutazama, na malaria ikarudi polepole.

Wilson mwenyewe alikuwa na wasiwasi wa muda mrefu, na ulijadiliwa kwa ukali kwenye mkutano wa malaria wa Kampala mwaka 1950. Mtu mzima wa nchi hizi ana kinga aliyoipata kwa kuumwa na mbu tangu utotoni. Ukimwondolea mbu kwa miaka michache kisha wakarudi, itakuwaje?

Mjamzito alikuwa tayari na sehemu ya jibu mwilini mwake. Mwanamke aliyekulia kwenye malaria, ambaye homa haimlazi tena, akishika mimba ya kwanza kinga ile huyumba: damu hupungua, mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Mwaka 1925, kule Freetown, Blacklock na Gordon walichunguza makondo ya nyuma wakakuta vimelea vimejazana humo. Kwa nini humo? Kwa miaka mingi maelezo mojawapo yalikuwa ya homoni. Kondo la nyuma ni kiwanda kikubwa cha homoni za steroidi, projesteroni na estrojeni zikiwa mbele. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elwood Jensen, huko Chicago, alikuwa ameonyesha kwamba estrojeni hushikwa na kipokezi chake ndani ya seli, na tangu hapo vipokezi vya homoni vikawa njia ya kueleza mambo mengi ya ujauzito. Katika miaka ya 1980 wako watafiti walioitilia shaka homoni ya kotisoli: ikipanda wakati wa mimba, walisema, inalegeza kinga.

Hoja hiyo ilikuwa na pengo. Homoni hupanda katika kila mimba, ilhali mwenye mimba ya kwanza ndiye anayeumia zaidi. Mama wa mimba ya nne, homoni zake zikiwa juu vilevile, mara nyingi alisalimika.

Kipande kilichokosekana kilipatikana Kisumu. Mkunga anapopokea kondo la nyuma, hukatwa kipande kidogo upande uliogusana na mama, damu yake ikapakwa kwenye kioo, ikatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Kwa makondo ya namna hiyo Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha, mwaka 1996, kwamba chembe nyekundu zenye vimelea hung'ang'ania molekuli iliyo kwenye ukuta wa kondo, kondroitini salfeti A. Hiki si kipokezi cha homoni. Kiko nje ya seli, mahali damu ya mama inapopita, na vimelea vinavyokishika ni tofauti na vile vya watu wasio na mimba. Basi mimba ya kwanza huleta kiungo kipya ambacho kinga ya mama haijawahi kukilinda. Mwaka 1998 wakaonyesha zaidi: damu ya wanawake waliokwisha kuzaa mara kadhaa ina kingamwili zinazozuia vimelea kunata, ya wenye mimba ya kwanza haina.

Mwaka huohuo Kenya iliweka sera ya kuwapa wajawazito dawa ya malaria iitwayo SP kliniki, hata wasipoumwa. Utafiti uliofanywa Kilifi kwa wenye mimba ya kwanza, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza upungufu mkali wa damu.

Hapa ndipo wasiwasi wa Wilson unaporudi, na nadhani kaunti hii ya Taita-Taveta inauonyesha vizuri kuliko nyingi. Kingamwili za kondo hupatikana kwa kuambukizwa ukiwa mjamzito, na pale malaria ilipo haba, mimba ya tatu inaweza kuwa bila ulinzi kama ya kwanza. Voi ni kukavu, mbu hungoja mvua. Wundanyi, milimani, kuna baridi. Binti aliyekulia juu huko akaolewa Taveta, kando ya Lumi, anaingia kwenye mbu wengi akiwa na kinga haba, hata kama ameshazaa wawili nyumbani kwao. Kadi ya kliniki itaandika mimba ya tatu, na muuguzi anaweza kudhani hatari imepita. Ningependa aulizwe pia: dada, umekulia wapi, na hizo mbili ulizibebea wapi?